Ukila Mgongo Wazi, Usiseme Umekula Samaki

Ukiingia Obunga jioni ukitokea Kondele, harufu inakupokea kabla ya watu. Moshi wa kuni, mafuta ya moto, na mbuta. Lakini si mbuta mzima. Mbuta mzima ameshapita kwenye viwanda vya Kisumu, akatolewa minofu, na minofu ikapakiwa kwenye barafu kwenda ng'ambo. Kinachofika kwetu ni kilichobaki: kichwa, mkia, na uti wa mgongo wenye nyama kidogo iliyogoma kuachana na mifupa. Wamama wanainunua kwa jumla, wanaianika juani, wanaikaanga kwenye karai, na jina lake halifichi kitu: mgongo wazi.

Mama yangu ameuza mgongo wazi tangu sijajua kusoma. Karo yangu imetoka kwenye lile karai. Na kuna jambo moja ambalo sikuliona la maana mpaka mwaka jana: sijawahi kumsikia akiita bidhaa yake samaki. Mteja mgeni akiuliza, "Mathe, samaki ni pesa ngapi?" anamjibu, "Hii ni mgongo wazi, nyathina. Kama unataka samaki, enda soko." Kisha anamuuzia. Haoni aibu, hapunguzi bei. Anataja tu kitu kwa jina lake.

Mimi, mtoto wake aliyefika chuo kikuu, ndiye niliyeuza mifupa nikasema ni samaki.

Ninasoma sayansi ya michezo, mwaka wa nne. Mtaani hiyo inamaanisha kwamba mimi ni daktari wa magoti, mwalimu wa PE, mtabiri wa mechi za Gor Mahia, na mtu wa kuulizwa kama kweli ndizi inazuia misuli kukaza. Huwa napenda kuulizwa. Nani hapendi? Umelala njaa siku kadhaa kwa ajili ya hiyo digrii, halafu mtu mzima anakuja kwako na swali, anasimama, anangoja jibu.

Mwaka jana aliyekuja ni kocha. Mchana anaendesha boda, jioni anafundisha timu ya wasichana wa miaka kumi na tatu hadi kumi na sita, kwenye kiwanja cha udongo ambacho mvua ikinyesha ni tope na jua likiwaka ni saruji. Wiki hiyo winga wetu wa kulia alikuwa ameruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja, goti likainama kwa ndani. Sisi tuliokuwa karibu tulisikia kitu kikikatika. Hospitali walisema ni kano ya ndani ya goti. Miezi mingi nje, na upasuaji ambao kila mtu nyumbani kwao alijua hautafanyika hivi karibuni.

Mama wa yule msichana hakumgombeza kocha. Alimuuliza swali moja tu: "Hii kitu ingezuilika?" Kocha hakujua. Akanigeukia mimi.

"We si unasoma hii mambo?"

"Nipe mpaka Jumamosi," nikasema. "Nitaangalia utafiti unasemaje."

Usiku huo nilinunua bando ya hamsini, nikakaa kitandani na simu, nikaanza. Paswadi ya kusoma majarida ukiwa nje ya chuo ilikuwa imenigomea tangu muhula uliopita, na sikuwa nimejisumbua kuuliza kwa nini. Kwa hiyo niliingia Google kama mtu yeyote, nikaandika kwa Kiingereza maneno ya kwanza yaliyonijia: goti, majeraha, football. Ikaniletea vijana wa Marekani wenye helmeti. Nikaongeza neno wanawake. Zikaja makala, nyingi tu, zenye vichwa vinavyotia moyo. Nabonyeza moja: ikisiri, maneno mia mbili na kitu, halafu ukuta. Ukitaka kuendelea, lipa dola thelathini na kitu. Zaidi ya shilingi elfu nne, kusoma kurasa nane kuhusu goti. Nilimwazia mama na karai lake. Hiyo ni migongo wazi mingapi?

Nabonyeza nyingine: ukuta. Nyingine: ukuta. Bando likaisha saa sita usiku. Nilibaki na ikisiri tatu, hasira, na kumbukumbu ya notisi za mwaka wa kwanza.

Jumamosi nilisimama mbele ya kocha na wasichana ishirini. Nikasema: "Utafiti unasema mnyooshe misuli dakika kumi kabla ya mazoezi. Kila msuli sekunde thelathini, bila kuruka-ruka."

Hakuna utafiti niliousoma uliosema hivyo. Zile ikisiri tatu zilisema kuna programu za mazoezi zinazopunguza majeraha. Mazoezi yenyewe yalikuwa nyuma ya ukuta. Kwa hiyo niliziba pengo na kitu nilichokuwa nacho, kama fundi anayekosa skrubu akaweka msumari. Na juu yake nikapaka rangi ya maneno mawili: utafiti unasema.

Wiki tatu baadaye nilipita kiwanjani nikamsikia kocha akiongea na mzazi mwingine, mama aliyetaka kumtoa binti yake kwenye timu kwa kuogopa magoti. "Usijali, mama," akamwambia, kwa ule uhakika ambao mimi mwenyewe nilimpa. "Sasa tunafanya vile utafiti unasema."

Yule mama akamwacha mtoto abaki.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku ile, na nataka tulifikirie pamoja. Nadhani wengi wetu tuliopitia chuo tumefanya hivyo hivyo. Labda si kwenye goti la mtu. Labda ni kwenye mradi wa mwisho wa mwaka: marejeo arobaini nyuma, na ukiwa mkweli umesoma sita, thelathini na nne ni ikisiri, na kati ya hizo kuna mbili ulizozinyakua kwenye orodha ya mtu mwingine. Siku hizi kuna njia fupi zaidi: unaiuliza programu ya akili mnemba ikupe vyanzo, nayo inakupa makala zenye majina mazuri, waandishi na miaka, ambazo hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kumpelekea jaji kesi za namna hiyo, zilizotungwa na ChatGPT. Tuliwacheka sana. Lakini tofauti yao na mimi ni nini? Wao walitaja kitu kisichokuwepo. Mimi nilitaja kitu kilichokuwepo nikakipa maneno ambayo hakikuyasema.

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa ukuta. Na tusiupuuze, kwa sababu ukuta ni wa kweli.

Chukua utafiti ambao kila mwanafunzi wa fani yetu Kenya anaujua. Mwaka 2006 Vincent Onywera, Robert Scott, Mike Boit na Yannis Pitsiladis walichapisha makala kuhusu wakimbiaji wetu. Waliwahoji wakimbiaji 404 wa kiwango cha juu, wa mita 800 hadi marathoni, na Wakenya wengine 87 wa kuwalinganisha nao: umezaliwa wapi, kwenu mnaongea lugha gani, shule ulikuwa unaenda kwa kutembea au kwa kukimbia. Wala hii si ile hadithi rahisi ya mzungu na mizani yake. Onywera ni Mkenya, na Boit ni yule yule aliyechukua shaba ya mita 800 kule Munich mwaka 1972. Wakenya waliwauliza Wakenya. Lakini makala ilitoka kwenye Journal of Sports Sciences, jarida la Uingereza ambalo makala zake nyingi husomwa kwa malipo. Miaka kumi na moja kabla yao, 1995, Bengt Saltin na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji wa Kenya, wakiwemo vijana wa shule, wakilinganishwa na wakimbiaji wa Skandinavia. Hiyo nayo ilitoka kwenye jarida la kulipia.

Kwa hiyo mtu ametoa jasho lake, pumzi yake, historia ya njia yake ya kwenda shule. Minofu imekatwa vizuri, imepakiwa, imesafiri. Na mdogo wake, aliyeingia chuo kusomea mwili kama wa kaka yake, anapewa ikisiri. Kichwa, mkia na mifupa.

Ukiuliza pesa zinaenda wapi, utashangaa. Kwa kawaida jarida halimlipi aliyeandika. Wasomi wanaoipitia makala kabla haijachapishwa nao kwa kawaida hawalipwi. Utafiti wenyewe mara nyingi umegharamiwa na kodi za watu. Mchapishaji ana kazi yake, sikatai: kuratibu, kuhariri, kutunza makala isipotee. Lakini kati ya kazi hiyo na shilingi elfu nne kwa kurasa nane kuna pengo ambalo sijawahi kuona likielezwa nikaridhika. Na pale majarida yanapofungua milango, mara nyingi yanamgeukia mwandishi: lipa wewe, ndio wasome bure. Kwa mtafiti asiye na ufadhili, hapo ukuta haujavunjwa. Umehamishwa tu, kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi.

Wapo waliochoka kungoja. Mwaka 2011 Alexandra Elbakyan, msichana wa Kazakhstan, alianzisha Sci-Hub, tovuti inayotoa makala za kulipia bure kwa yeyote. Kampuni ya Elsevier ilimshtaki New York mwaka 2015, na 2017 mahakama ikaamua alipe dola milioni 15. Mwaka huo huo wa 2011 Aaron Swartz alikamatwa Marekani kwa kupakua mamilioni ya makala za JSTOR kupitia mtandao wa chuo cha MIT. Alijiua Januari 2013 kabla kesi haijasikizwa. Alikuwa na miaka 26.

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja hana shaka yoyote kwenye hili. "Omera, hii ni wizi gani?" huniambia. "Ukiiba samaki, mwenye samaki analala njaa. Ukinakili makala, makala bado iko pale pale. Na aliyeiandika hakuwa analipwa hata peni. Sasa umemwibia nani?"

Hoja yake ina nguvu, na sijawahi kumshinda. Lakini naona inachanganya maswali mawili. La kwanza: je, huu ukuta ni wa haki? Kwangu mimi, hapana. Maarifa yaliyotolewa kwenye miili ya watu, kwa pesa za watu, kufungiwa watu hao hao nje ni dhuluma, hata ikiwa na muhuri na mkataba. La pili: basi mimi, niliyefungiwa nje, nifanye nini? Hilo halijibiwi na la kwanza. Kuonewa hakukupi ruhusa ya kila kitu. Anayeruka ukuta usiku ili kumsaidia mgonjwa simweki kundi moja na anayeruka kwenda kuuza. Lakini hata yeye anavunja sheria ya watu, na akishaingia, anaingia peke yake. Ukuta unabaki. Na sisi tukizoea kuruka, tunaacha kudai mlango.

Kisha kuna swali dogo, la nyumbani, lililonikata maini zaidi ya haya makubwa. Nyumba zetu zote zimejengwa juu ya neno moja: hodi. Unapiga hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipojibiwa, ndipo unaweza kusema umefungiwa. Je, mimi nilipiga hodi?

Sikupiga hata moja.

Wiki iliyofuata nilienda maktaba ya chuo, nikasimama mbele ya mkutubi, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kuning'inia, nikaanza kulalamika. Ukuta, dola, Waingereza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Ulitafuta na maneno gani?"

Nikamwambia.

"Mwanangu," akasema, "hukutafuta. Ulipiga kelele tu gizani."

Akanipa karatasi. Akaniambia niandike swali langu kwanza, kwa Kiswahili kama nataka, na nilivunje vipande vinne. Ni akina nani? Wasichana wanaocheza mpira wa miguu. Wafanyiwe nini? Mazoezi ya kupasha mwili moto. Ukilinganisha na nini? Na timu zinazoendelea na mazoezi yao ya kawaida. Unataka kujua nini? Kama majeraha ya miguu yanapungua. Kisha kila kipande tukakitafutia majina yake yote kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawaiti kitu kimoja jina moja. Football peke yake inakupeleka Marekani kwenye helmeti. Lazima uongeze soccer. Goti lina jina la kawaida, jina la kano, na ufupisho wa kano. Majina ya kitu kimoja unayaunganisha kwa OR, vipande tofauti unaviunganisha kwa AND. Tukaingia PubMed, ambayo ni bure kwa kila mtu duniani mwenye intaneti. Pembeni ya orodha kuna mahali pa kuchagua zile tu ambazo maandishi yake yote yako wazi.

Chini ya saa moja. Nisome tena hapo: chini ya saa moja.

Ya kwanza ilikuwa ya Norway, ya Soligard na wenzake, kwenye jarida la BMJ, 2008. Iko bure. Imekuwa bure muda wote niliokuwa nikilaani ukuta. Wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, kutoka vilabu 125. Nusu ya vilabu wakapewa programu ya dakika ishirini hivi kabla ya mazoezi: kukimbia, kujenga nguvu za miguu na kiwiliwili, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua huku goti likiwa limenyooka na kidole cha mguu, lisiingie ndani. Lisiingie ndani. Niliposoma hapo nilimwona winga wetu.

Na kwa kuwa safari hii nilisoma yote, niliona kitu ambacho nisingeambiwa na kichwa cha habari. Ukiweka majeraha yote ya miguu pamoja, jambo ambalo watafiti wenyewe walikuwa wameahidi kulipima kwanza, tofauti haikutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu. Wao wenyewe wameandika hivyo waziwazi. Kilichopungua bila shaka ni majeraha makali, karibu nusu, na yale yanayotokana na kutumia kiungo kupita kiasi. Na kati ya waliofanya mazoezi hayo, wasichana 121 bado waliumia.

Ya pili ndiyo iliyoniaibisha. Owoeye na wenzake, 2014, programu ile ile, kwenye timu 20 za ligi ya vijana ya Lagos. Majeraha kwa jumla yalipungua kwa asilimia 41. Jarida ni la bure. Lagos! Vijana Waafrika, mitaa yenye viwanja kama vyetu, mtafiti Mnigeria. Nisingeipata kamwe kwa njia yangu ya kwanza, na si kwa sababu ya ukuta wa mtu yeyote. Haikunipitia akilini kuandika neno Afrika. Nilikuwa nimeshaamua kichwani kwamba maarifa yanakaa Norway na sisi tunakaa nje ya lango. Ule ukuta niliujenga mwenyewe.

Hata hiyo nayo niliisoma mpaka mwisho, ndipo nikaona: walikuwa wavulana. Inatusaidia, lakini si sisi kamili.

Ya tatu ilihusu lile jibu langu la Jumamosi. Herbert na Gabriel, BMJ, 2002, wamekusanya tafiti kuhusu kunyoosha misuli. Hakupunguzi maumivu ya misuli kwa kiasi cha maana. Kuhusu majeraha hawakuona faida ya kutosha kumshauri mtu, na hata hilo lilitoka kwa makuruti wa jeshi, si wachezaji wa mpira. Kwa wiki tatu nilikuwa nimewasimamisha wasichana ishirini kwenye jua wakivuta miguu kwa jina la utafiti ambao, nilipoutafuta, ulinikana.

Sasa, najua mtu atasema: rahisi kwako, una mkutubi. Mwingine hana. Anasoma kwa simu ya kuazima, chuo hakijalipia majarida, ukweli ni anasa ya wenye maktaba. Nimelifikiria sana hili pingamizi kwa sababu linatoka upande wangu. Ni kweli kwamba wajibu wa kupata hauwezi kuwa sawa kwa mwenye paswadi na asiye nayo. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutopanda mlima ambao hakupewa njia yake. Lakini wajibu wa kusema ulichopata hauhitaji paswadi. Haugharimu bando. Ni maneno manne: nimesoma ikisiri yake tu. Mama yangu hana diploma ya maadili, hana hata cheti cha darasa la nane, na kila jioni anaulipa wajibu huo bure. Hii ni mgongo wazi, nyathina.

Mgongo wazi si chakula kibaya, tumelelewa nao. Ikisiri nayo si kitu kibaya; wakati mwingine ndiyo pekee utakayopata, na ni bora kuliko uvumi. Dhambi haiko kwenye mifupa. Iko kwenye kumtoza mtu bei ya minofu, na bei aliyolipa kocha haikuwa shilingi. Alinipa imani yake, akachukua maneno yangu akawapa wazazi, na wazazi wakatoa magoti ya watoto wao.

Ndiyo maana siamini tena kwamba kutafuta makala ni kazi ya ofisini tu, kitu unachofundishwa kwa saa mbili mwaka wa kwanza ukapiga chafya ukasahau. Unapoandika maneno kwenye kile kisanduku unaamua ni nani atasikika na nani hatasikika. Nikiandika kwa haraka, winga wetu anapata jibu la mtu mwenye helmeti. Nikitafuta ili tu nithibitishe ninachokijua tayari, nitakipata, kwa sababu kwenye mamilioni ya makala huwezi kukosa moja inayokubaliana nawe. Nikisimama kwenye ikisiri, nitabeba ahadi bila masharti yake. Na anayelipia uvivu wangu hayuko chumbani. Yuko kiwanjani, anaruka kupiga kichwa.

Kuna deni jingine pia. Sisi wachache tunaopita lango, kwa paswadi, kwa mkutubi, hata kwa njia ya kando, tunatoka na nini mkononi? Nimejifunza kwamba ukimwandikia mwandishi wa makala barua pepe ya heshima, mistari mitatu, mara nyingi anakutumia nakala bure. Nimejifunza kwamba chini ya jina la makala kwenye Google Scholar kuna mahali pa kuona matoleo yote, na toleo moja linaweza kuwa wazi. Nimejifunza kwamba African Journals Online ipo tangu 1998, na nimefika mwaka wa nne bila kuifungua. Haya yote hayabomoi ukuta. Tuendelee kuupigia kelele. Lakini kelele zetu zitakuwa na uzito zaidi tukiwa tumepiga hodi kwanza, na kama tukifunguliwa, tunatoka na kitu kwa waliobaki nje.

Jumamosi moja nilirudi kiwanjani. Nilikuwa nimeandika mazoezi yote kwa Kiswahili kwenye karatasi mbili, na michoro yangu mibaya. Kabla ya kuzitoa nilimvuta kocha kando.

"Koch, ile kitu nilikuambia, ya kunyoosha misuli. Sikuwa nimeisoma popote."

Alinyamaza kidogo. Alikuwa ameshika helmeti ya boda, akawa anaizungusha mkononi.

"Na nimewaambia wazazi."

"Najua."

"Na hii nyingine?"

"Hii nimeisoma. Yote. Wavulana wa Lagos, wasichana wa Norway. Inapunguza zile mbaya mbaya, karibu nusu. Lakini haizuii zote. Kuna mia moja na ishirini na moja walifanya kila kitu na bado wakaumia."

Nilidhani atakasirika, au atasema hiyo namba niifiche, tusiwatishe wamama. Aliangalia upande wa pili wa kiwanja, ambapo winga wetu alikuwa amekaa juu ya jiwe na mguu wake umenyooshwa, akiwapigia wenzake kelele.

"Basi hiyo pia utawaambia," akasema. "Wewe mwenyewe. Wazazi wanakuja saa kumi."

Nilikuwa na saa mbili za kungoja. Nilienda kwa mama, nikala mgongo wazi na ugali, nikarudi.